Shajara ya mradi: historia ya nchi ndani ya kumbukumbu za duka la mama

Januari

Hali ya muswada: sura sita zimekamilika kama rasimu, tatu zimebaki. Kitabu kinahusu nyumba yetu ya Morogoro kati ya 1977 na 1985, miaka ambayo mama alikuwa muuzaji wa duka la ushirika la mtaani. Kwa miezi hii siandiki sura mpya. Nataka kuamua historia ya nchi iingie wapi, kwa kiasi gani, na itoke kinywani mwa nani.

Sura ya pili kwa sasa inafunguka na Azimio la Arusha, Februari 1967. Inakuja habari ya biashara ya jumla kutaifishwa na kukabidhiwa STC, shirika la biashara la serikali, STC kuvunjwa mwaka 1973 na kila mkoa kupewa RTC yake, kampuni ya biashara ya mkoa, Operesheni Maduka ya 1976 iliyotaka maduka ya ushirika yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa. Ndipo mama anatokea, ufunguo wa duka ukiwa shingoni. Hakuna neno la uongo mle, na kila tukio kwa namna yake lilifika hadi kwenye rafu za duka lile. Ila msomaji amekaa kurasa saba bila kumwona mtu.

Nimempa muswada binti wa mdogo wangu, ambaye amezaliwa baada ya mwaka 2000 na hajapata kuona duka lenye rafu tupu. Nilimwomba asisahihishe chochote, aandike maswali tu pembeni kwa penseli. Amerudisha kurasa zimejaa. Swali lililonishika ni hili: "Mama mkubwa, sukari ikiisha dukani kwa bibi, kwa nini msingeenda duka jingine?"

Ameliuliza baada ya kuzisoma kurasa zote saba. Jina la RTC analijua sasa, na mwaka wa Azimio pia. Asichokijua ni kwamba duka la Mhindi mtaa wa pili na duka la mama yalisubiri mzigo kutoka ghala lilelile la mkoa. Duka jingine lilikuwapo, sukari nyingine haikuwapo. Hicho ndicho msomaji alihitaji kupewa, na kinatosha sentensi mbili.

Februari

Nimeanza na maswali ya penseli, nikaacha kuanza na historia. Popote alipouliza, pale ndipo maelezo yatakapokaa, karibu kabisa na swali. Pale ambapo hakuuliza kitu, nayapima maelezo upya: je, yalibadili chochote nyumbani kwetu? Yalibadili chakula, usingizi wa mama, safari za baba kutoka Kilosa alikokuwa anafundisha? Kama hayakubadili, yanatoka, hata kama ni historia ninayoipenda.

Yaliyotoka ni mengi. Vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vilivunjwa 1976. Ni jambo zito kwa nchi hii, na waliolima kahawa na pamba wana mengi ya kusema juu yake. Duka letu la walaji mjini halikuguswa, kwa hiyo jambo hilo limetoka kitabuni. Gharama ya vita vya Kagera, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa kama dola milioni 500, nayo imekwenda. Nafasi yake imechukuliwa na mjomba, dereva wa lori, ambaye gari lake lilichukuliwa kubeba askari na mizigo kwenda Kagera mwishoni mwa 1978. Yeye akakaa barazani kwetu miezi bila kazi, anakula nasi. Vita vilimega sahani yetu moja kwa moja. Msomaji akishamwona mjomba akinawa mikono kwenye beseni letu kila jioni, hatahitaji kusomewa bajeti.

Sura ya pili sasa inaanza hivi:

"Mama aliuvaa ufunguo wa duka shingoni, chini ya gauni, hata akienda kuoga. Sukari iliyofungiwa mle haikuwa yake, wala mwenyekiti wa ushirika hakuwa na ruhusa ya kuigusa. Ilitoka RTC, kampuni ya mkoa iliyogawa karibu kila kitu kilicholetwa kwa lori, na kabla haijashushwa kila kilo ilikwisha kuwa na mwenyewe kwenye daftari la balozi wa nyumba kumi. Hata duka la mtaa wa pili lilingoja lori lilelile."

RTC imeelezwa kwa kishazi kimoja kinachokaa pembeni ya jina lake. Mwaka 1973 sijautaja. Utatajwa sura ya tatu, baba anapobishana na mwenyekiti kuhusu enzi za STC, kwa sababu pale mwaka ndio kiini cha ubishi.

Kishazi cha namna hii ndicho chombo ninachokiamini zaidi. Kiswahili kinakibeba vizuri: unamtaja mtu au kitu, unaongeza "ambayo" au "iliyo-", unaendelea na safari. Kikizidi kimoja katika sentensi moja, msomaji anasahau tulikuwa tunakwenda wapi. Kwa hiyo sentensi moja nimeipa maelezo yasiyozidi mamoja, na aya isibebe zaidi ya mawili.

Jambo jingine la mwezi huu ni mazungumzo. Nilikuwa nimempa baba maneno marefu ya kumweleza mama namna mgao unavyofanya kazi. Nimeyafuta. Mama ndiye aliyekuwa anaugawa. Baba amweleze nini? Watu wawili wanaolijua jambo hawaelezani, wanalidokeza. Wangesema hivi, na ndivyo nilivyowasikia:

"Limekuja?"
"Limekuja nusu."
"Na balozi?"
"Ameshapita."

Ninayaacha hivyo hivyo. Msomaji atakuwa ameshapewa lori na balozi ukurasa wa nyuma, na hapa atajisikia yumo ndani ya nyumba.

Machi

Nimekwenda kwa mama mdogo, Kihonda, na kinasa sauti cha simu.

"Shikamoo mama mdogo."
"Marahaba mwanangu. Umekuja na yale mambo yako ya zamani?"

Nilitaka kujua habari ya unga wa njano. Katika kichwa changu, ugali wa Yanga, kama watu walivyouita kwa rangi ya klabu, umeshikana na vita: mjomba yuko barazani, sahani ina ugali wa njano. Mama mdogo anasema hapana, unga ule aliula akiwa kigori, wakati wa njaa ya 1974, kabla sijaweza hata kutembea vizuri. Mjomba, ambaye bado yuko hai na kumbukumbu zake ni kali, anasema wote tunaukumbuka unga wa kweli, ila ulikuja zaidi ya mara moja. Mahindi ya njano kutoka Marekani yaliingia wakati wa ukame wa katikati ya miaka ya sabini, na yakaja tena mwanzoni mwa miaka ya themanini, maghala ya NMC, shirika la taifa la kusaga nafaka, yalipokauka.

Kwa hiyo sahani ninayoikumbuka ina uwezekano mkubwa kuwa ya 1981 au 1982, na mjomba aliyeketi mbele yake ni mjomba aliyerudi kututembelea, siyo yule aliyekosa gari. Hapa ndipo historia inapofanya kazi ambayo sikuitarajia nilipoanza mradi huu. Inaniambia kumbukumbu mbili zimelala kitanda kimoja. Sikuitenga sahani na mjomba kimyakimya. Nimeandika aya inayosema wazi: hivi ndivyo ninavyoliona tukio nikifumba macho, na hivi ndivyo mama mdogo na mjomba wanavyolipanga. Msomaji wa kumbukumbu anastahili kuziona zote mbili, kwa kuwa namna nilivyoziunganisha nayo ni habari ya mtoto yule. Kwake upungufu wote ulikuwa mmoja, na chanzo chake kilikuwa ni ile vita iliyokuwa ikiimbwa redioni.

Nimetengeneza pia jedwali la miaka kwa matumizi yangu tu, limebandikwa ukutani juu ya meza. Safu ya kwanza ni nchi: Februari 1977, CCM inazaliwa na mpaka unafungwa, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yanavuka, Aprili 1979, Kampala inatekwa, na baadaye Mwalimu anawaomba wananchi miezi 18 ya kufunga mikanda, Machi 1983, msako wa wanaoficha bidhaa, Novemba 1983, mpaka unafunguliwa, Aprili 1984, Waziri Mkuu Sokoine anafariki kwa ajali Dakawa, 1984 tena, serikali inalegeza masharti ya kuingiza bidhaa, Novemba 1985, Mzee Mwinyi anakuwa rais. Safu ya pili ni nyumba yetu: nani kazaliwa, nani kaumwa, nani kahamia, lini nimeanza shule. Mahali safu mbili zinapogusana ndipo penye sura. Mahali safu ya kwanza imejaa na ya pili ni nyeupe, nanyamaza. Jedwali hili halitachapishwa. Msomaji akilipewa mwanzoni atasoma maisha yetu kama mifano ya matukio, nami nataka ayasome matukio kama mambo yaliyotujia mlangoni bila hodi.

Mei

Sura ya saba, msako wa 1983. Nimekaa nayo wiki nyingi na sitaki kuiharakisha.

Ninachokikumbuka: asubuhi moja watoto wa mtaa wetu tulikuta makatoni ya sabuni korongoni, mengine yamelowa na povu linatiririka. Sabuni ya kufulia, ambayo kwa miezi mama alikuwa anaikata vipande kwa uzi ili kila nyumba ipate. Tulibeba tulivyoweza. Mama alipoiona alitupokonya, akatuamuru tuirudishe kulekule, na kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwake akasema tusiguse na tusiseme kwamba tuliona. Usiku ule hakulala ndani. Alikaa uani na daftari zake za mauzo, anahesabu kwa kibatari.

Rasimu iliyotangulia ilianza na sheria. Mwishoni mwa Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, serikali ilianza kuwakamata watu walioshukiwa kuficha bidhaa na fedha. Sheria ya uhujumu uchumi ilipitishwa baada ya msako kuwa umekwisha kuanza, na kesi zilipelekwa kwenye baraza maalumu ambako mshitakiwa hakuwa na wakili wala dhamana. Ukishamwambia msomaji hayo, akifika korongoni anajua kila kitu. Anaitazama sabuni kwa macho ya mwanasheria, na mtoto aliyeibeba anaonekana mjinga.

Nimegeuza mpangilio. Korongo linakuja kwanza, bila mwaka wala jina la kiongozi. Msomaji anapaswa kutishwa na sauti ya mama kama nilivyotishwa mimi. Unafuata usiku wa daftari. Kesho yake baba anafika na gazeti la Uhuru, na mambo yanaingia kwa mlango huo, kwa maneno ya wakati ule: walanguzi, wahujumu, nyumba zinapekuliwa. Suala la wakili na dhamana nimelisogeza mbele zaidi, hadi jirani yetu anapochukuliwa, kwa sababu ni hapo tu linapouma. Mkewe alikuja kumuuliza baba, mwalimu wa shule ya msingi, kama angeweza kwenda kumsemea mumewe. Kwa nini mwalimu? Kwa sababu mawakili walikuwa wamezuiwa. Sentensi moja imekaa hapo na inabeba uzito wote.

Kuhusu jirani yule. Ameshafariki, watoto wake wapo. Nimekwenda kwa mkubwa wao, nimemsomea kurasa zinazomhusu baba yao kabla ya mtu mwingine yeyote kuziona. Ameomba mambo mawili: jina lisitajwe, na isemwe kwamba aliachiwa. Yote mawili ni haki yake. Katika kitabu atakuwa "Mzee wa Kona". Nimebadili pia biashara aliyoifanya na upande wa mtaa aliokaa, kwa sababu kubadili jina pekee hakumfichi mtu katika mji ambao wazee wake bado wanakumbukana. Mambo ya nchi yatabaki kama yalivyokuwa, sheria, mwezi, baraza. Ya mtu binafsi yanaweza kuvikwa kanzu nyingine, na dibaji itamwambia msomaji hivyo bila kuficha.

Mtoto huyo wa jirani alitaka pia kujua naandika kwa upande wa nani, Sokoine au baba yake. Nilimjibu kwamba mtaani kwetu watu wengi walimpenda Sokoine kwa dhati, mama akiwamo, na kwamba mama yuleyule alitetemeka usiku ule akihesabu. Sitamchagulia msomaji kimojawapo. Mwandishi wa kumbukumbu akianza kutoa hukumu juu ya enzi nzima ndani ya maelezo ya usuli, anaacha kusimulia. Hukumu ninayo, na nimeiweka sura ya mwisho, kwa nafsi ya kwanza, yenye jina langu juu yake.

Juni

Sura ya nane, Aprili 1984. Ugumu wake ni tofauti: hapa msiba hautaki kukatizwa.

Tarehe 12 Aprili Sokoine alikuwa anatoka Dodoma kwenda Dar es Salaam baada ya kikao cha Bunge. Gari lake liligongana na jingine Dakawa, upande wetu, njia ya Dodoma. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitangaza kifo redioni. Gari lile jingine liliendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, na kwa watu wa Morogoro neno hilo halikuwa la mbali. Mazimbu ilikuwa hapo hapo, makazi ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania mwaka 1977, na shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979.

Msomaji asiyejua Mazimbu hataelewa kwa nini jioni ile minong'ono barazani ilichukua njia iliyochukua. Lakini siwezi kusimamisha redio na kilio ili nieleze makazi ya wapigania uhuru. Nimeipeleka Mazimbu nyuma, sura ya nne, mahali penye utulivu. Kuna mchezo wa mpira mle, vijana wa shule yao dhidi ya timu ya mtaa, na mmoja wao anatufundisha wimbo ambao maneno yake hatuyajui. ANC, ardhi ya 1977 na jina la Mahlangu vimeingia pale kwa kishazi kimoja kimoja, katikati ya furaha. Msomaji atavihifadhi bila kujua kwamba atavihitaji. Sura ya nane inapofika natamka "Mazimbu" tu, basi.

Hii imenifunza kukisoma kitabu kwa kurudi nyuma. Naanza na tukio zito, najiuliza msomaji lazima awe anajua nini tayari, halafu natafuta sura iliyotangulia yenye nafasi ya kulipokea jambo hilo bila kulemewa. Ni kama kuweka maji ya kunawa kabla wageni hawajaketi.

Tetesi ni suala la peke yake. Juu ya kifo kile yalisemwa mengi mwaka ule na yanasemwa hadi leo. Nikiyaacha nje, nimeifuta baraza yetu, kwa kuwa ndiyo yaliyosemwa pale. Nikiyaandika kwa sauti ya msimulizi, nimeyathibitisha, na sina haki hiyo. Nimeyaweka vinywani mwa waliosema, kwa "walisema" na "ilisemekana", na kila mmoja yupo mahali pake: aliyekaa juu ya kinu, aliyesimama mlangoni, mama aliyewaambia wote wanyamaze watoto wanasikia. Kinachothibitika ni kwamba tetesi zilikuwapo na kwamba zilitutisha. Sentensi inayofuata inaeleza ajali kama ilivyotangazwa rasmi. Siongezi zaidi ya hapo.

Mama mdogo amesikiliza sura hii yote kwenye simu, nikimsomea. Amenisahihisha mahali pamoja: redio haikuwa ya kwetu, ya kwetu haikuwa na betri, maana betri nazo zilikuwa za mgao. Tulisikilizia kwa Mzee wa Kona, ambaye alikuwa amesharudi nyumbani. Nimeweka kalamu chini niliposikia hivyo. Mtu aliyekamatwa katika msako wa Sokoine ndiye aliyewafungulia majirani redio yake wamlilie Sokoine. Nimepiga simu kwa mwanawe mkubwa kuuliza kama anaikumbuka jioni ile, na kama niko huru kuiandika. Anaikumbuka. Amesema andika.

Aya niliyokuwa nimeipanga, ya kueleza namna wananchi walivyogawanyika juu ya msako, imefutwa yote. Haina kazi tena.

Julai

Mambo madogo ya mwezi huu. Sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake, mwishoni mwa kitabu itakuwapo, lakini fupi: balozi, mgao, RTC, NMC, kibatari, na machache mengine. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba hakuna ukurasa utakaomlazimu msomaji kwenda nyuma ya kitabu ili auelewe. Tanbihi nimezikataa. Zinafaa kazi ya historia, ila humu zinaleta sauti ya pili inayomnong'oneza msomaji wakati mama anaongea.

Dibaji imepungua hadi ukurasa mmoja na nusu. Inataja mji, miaka, nani amebadilishwa jina na kwa nini, na kwamba mazungumzo yameandikwa kama yanavyokumbukwa.

Binti wa mdogo wangu amesoma tena sura ya pili hadi ya nne. Maswali ya pembeni yamepungua sana, na yaliyobaki yamebadilika sura. Hakuuliza tena RTC ni nini. Ameuliza kama bibi yake alipata kujichukulia kilo moja ya ziada siku yoyote, hata moja, watoto walipokuwa na njaa.

Jibu ninalo. Mama mdogo alinipa mwezi Machi, kinasa sauti kikiwa kimezimwa kwa ombi lake. Jumamosi narudi Kihonda kumuuliza kama limeiva kuandikwa. Akikubali, ni sura ya tisa. Akikataa, sura ya tisa itahusu mitumba ya kwanza kufika soko la Morogoro, na maelezo yake nimekwisha kuyakusanya.